Tazama bendera, upanga uache: Jeanne d'Arc kwenye filamu za vita

Hémon Raguier alikuwa mweka hazina wa vita wa Mfalme Charles VII wa Ufaransa, na kama mhasibu yeyote anayejua kwamba ipo siku atakaguliwa, aliandika kila kilichotoka. Katika hesabu zake za 1429 yamo malipo mawili kwa ajili ya msichana mmoja wa kijijini, umri wake miaka kama 17. Fundi wa deraya alilipwa livre 100 (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) kwa vazi kamili la chuma. Mchoraji wa mji wa Tours, Hauves Poulnoir, alilipwa livre 25 kwa vitambaa na rangi za bendera mbili, kubwa na ndogo. Upanga wenyewe haukutoka kwa fundi. Ulifukuliwa katika kanisa la Sainte-Catherine-de-Fierbois, umeota kutu, una alama tano za msalaba, baada ya msichana mwenyewe kuagiza utafutwe karibu na madhabahu.

Ukitaka kujua kama filamu ya Jeanne d'Arc (msichana huyo aliyekwenda vitani na jeshi la Ufaransa dhidi ya Waingereza; Wakatoliki wa kwetu humwita Mtakatifu Yoana wa Arc) imetengenezwa na mtu aliyesoma au aliyekisia, angalia vitu hivyo vitatu vimepewa nafasi gani. Nyingi zinatanguliza upanga, deraya inafuata, na bendera inakuwa pambo la nyuma kwenye bango la tangazo. Kumbukumbu zinasema kinyume. Mbele ya mahakama ya kanisa ya Rouen iliyomhukumu mwaka 1431 alieleza kwamba aliipenda bendera mara 40 kuliko upanga, kwamba aliishika mwenyewe wakati wa kushambulia ili asije akaua mtu, na kwamba hakuwahi kuua mtu yeyote.

Hapo ndipo kazi ya mwongozaji inapokuwa ngumu. Filamu ya vita inataka steringi apige. Kaa kwenye kibanda umiza chochote uone watazamaji wanavyonuna steringi akipita dakika 20 bila kumwangusha mtu. Na steringi huyu, mbali ya kutopiga, anakufa, akiwa na miaka kama 19, na hakuna jeshi linalokuja kumwokoa. "Steringi hafi" haimhusu. Kwa hiyo waandishi wa miswada hutafuta sababu ya kumfanya apige, na sababu iliyo karibu kuliko zote ni kisasi.

Luc Besson alifanya hivyo mwaka 1999. Filamu yake inaanza na askari wa Kiingereza kumuua dada yake Jeanne mbele ya macho yake na kuunajisi mwili. Tukio hilo halimo katika kumbukumbu yoyote. Kilichomo ni kwamba watu wa kijiji chake cha Domrémy waliwakimbia wapiganaji wa Burgundy, washirika wa Waingereza, wakahamia Neufchâteau pamoja na mifugo yao, na Jeanne alikaa huko siku kama 15. Ng'ombe barabarani, mizigo, wiki mbili nyumbani kwa watu: ni vita pia, tena vita ambavyo yeyote aliyewahi kuhama kwa kukimbizwa angevitambua. Lakini haviuzi tiketi, na havimpi msichana sababu ya kupiga kelele na kukata vichwa. Kuanzia hapo filamu nzima inalipa deni la uongo wa dakika kumi za mwanzo. Kila kitu kinakuwa dalili ya jeraha la utotoni, na mwanamke aliyewajibu wanazuoni kwa wiki kadhaa bila kuyumba anaoneshwa kama mtu anayetetemeka muda wote.

Umri nao una athari. Ingrid Bergman alikuwa na miaka 33 filamu ya Victor Fleming ilipotoka mwaka 1948. Milla Jovovich, Jeanne wa Besson, alikuwa na 23. Tatizo hapa haliko kwenye sura. Msichana wa miaka 17 akiingia katika chumba cha makapteni wenye makovu, uzito wa chumba chote unabadilika: wanamcheka, wanamficha mipango, wanampangia kikao cha uongo. Mwanamke wa miaka 33 akisema maneno yaleyale anaonekana kiongozi tangu mwanzo, na ajabu yote inapotea.

Sasa deraya. Vazi kamili la chuma la wakati ule lilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25, na uzito huo haukukaa mabegani peke yake. Uligawanywa mwili mzima, kila kipande kikifungwa mahali pake. Mtu aliyelizoea hupanda farasi bila kuinuliwa, hupanda ngazi, huanguka na kuinuka. Filamu zenye mashujaa wanaotembea kama makabati zimenakili vichekesho vya karne ya 19.

Kulivaa ndiko kunakopendeza kutazama, na huanzia chini kwenda juu. Kwanza fulana nene iliyoshonwa kwa tabaka za kitambaa, yenye kamba ndogondogo zilizotiwa nta na kuwekewa ncha za chuma. Kisha viatu vya chuma, vifuniko vya ugoko, vya paja, halafu kifua na mgongo, mikono, mabega, glavu. Kofia huja mwisho, kwa sababu ukishaivaa husikii vizuri na huoni miguu yako. Msaidizi mmoja mwenye mazoezi hutumia dakika kama 10 hadi 15. Kinachoharibika mara nyingi ni kamba. Ikifungwa legelege, chuma cha paja kinashuka na kusaga goti, na ikifungwa kwa kukaza sana, mkono haupandi juu ya bega. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuinua bendera, hilo la pili ni balaa.

Kwenye kambi ya filamu mambo huenda kwa hesabu nyingine. Chuma halisi huvaliwa na mhusika mkuu kwenye picha za karibu. Wanaoruka na kuanguka hupewa nakala za mpira au plastiki, na jeshi la nyuma hupewa chochote kinachong'aa. Zamani fulana za pete za chuma zilifumwa kwa uzi mnene kisha zikapuliziwa rangi ya fedha. Ukitaka kugundua, usiangalie kifua, angalia kingo. Plastiki hupinda kidogo pale mkono unapobana ubavu, na mwanga hauteremki juu yake kwa mstari mmoja mkali. Mlio wa chuma unaousikia umewekwa baadaye studio, na kwa kawaida umezidishwa. Deraya iliyofungwa vizuri haipigi kelele kama sufuria kwenye gunia.

Halafu kofia. Mwongozaji anamlipa mwigizaji kwa ajili ya uso wake, basi kofia inaondolewa kabla ya shambulio la kwanza. Huko Jargeau, Juni 1429, Jeanne alikuwa kwenye ngazi aliposhukiwa na jiwe kichwani. Jiwe likavunjikia kwenye kofia yake nyepesi, akaanguka, akainuka akiwahimiza wenzake. Bila kofia ile hadithi ingeishia Jargeau.

Nywele pia. Filamu hupenda nywele fupi zilizokatwa ovyo kwa kisu, kila nywele na njia yake. Hati ya mashtaka ya Rouen inaeleza kwamba zilikatwa mviringo kama za vijana wa kiume wa wakati huo, yaani juu ya masikio, kana kwamba bakuli limefunikwa kichwani. Hazipendezi kwa macho yetu, na ndiyo sababu hatuzioni. Hati hiyohiyo inahesabu hata kamba za suruali yake ndefu: ilifungwa kwenye fulana kwa kamba 20. Tutazirudia kamba hizo.

Tuje Orléans, maana ndiko kila filamu ya vita ya Jeanne inakoelekea. Waingereza waliuzingira mji tangu Oktoba 12, 1428. Mji uko ukingo wa kaskazini wa mto Loire, na daraja refu linaelekea kusini hadi kwenye ngome ya minara miwili, Les Tourelles, iliyotekwa na Waingereza mapema. Wafaransa walivunja sehemu ya daraja ili adui asivuke. Mbele ya ngome, upande wa nchi kavu, kulikuwa na boma la udongo na magogo lenye handaki. Asiyeielewa ramani hiyo hataelewa kwa nini watu wanakufa pale, na ni filamu chache zinazojisumbua kuionesha. Picha moja ya juu, sekunde sita, ingetosha.

Ulikuwa pia mzingiro wa baruti. Kamanda wa Waingereza, Earl wa Salisbury, alikuwa dirishani Les Tourelles akiutazama mji muda mfupi tu baada ya ngome kutekwa, jiwe la mzinga likapiga dirisha na kumng'oa sehemu ya uso. Alikufa mwanzoni mwa Novemba. Mizinga mikubwa ya mawe ilipigwa mara chache kwa siku, kwa sababu ilibidi kusafishwa, kupozwa, kujazwa na kuzibwa upya. Kwenye filamu hufyatua kama bunduki za rasharasha. Upinde unatendewa vibaya zaidi. Mkuu wa mishale anapiga kelele watu wavute, kisha anawaacha wakiwa wameshikilia huku muziki ukipanda. Pinde ndefu za kivita, tukipima kwa zile zilizoopolewa kwenye meli ya Mary Rose iliyozama 1545, zilivutwa kwa nguvu ya kilo 45 hadi zaidi ya 70. Hakuna anayeshikilia hivyo. Unavuta na kuachia kwa mwendo mmoja. Ukiona mpiga mishale ametulia sekunde tano akiwa amevuta, ujue upinde ule ni wa kuchezea.

Jeanne aliingia Orléans jioni ya Aprili 29, 1429. Tukio ambalo ningelipa fedha kuliona likipigwa picha sawasawa ni la Mei 4. Alikuwa amelala kwenye nyumba ya Jacques Boucher, mhazini wa mtemi wa Orléans. Akaamka ghafla, akashuka, akamkuta kijana wake wa kazi, Louis de Coutes, mwenye miaka 14 au 15, akamtukana kwa kutomwambia kwamba damu ya Ufaransa inamwagika. Makapteni walikuwa wameanza kulishambulia boma la Saint-Loup bila kumjulisha. Akamtuma kijana akamletee farasi. Kwa ushahidi wa Louis, waliomvalisha deraya ni mama mwenye nyumba na binti yake. Msaidizi wake Jean d'Aulon yeye alisema ndiye aliyemvalisha. Walikuwa wakikumbuka baada ya miaka 27, kesi yake ilipopitiwa upya, kila mmoja na alichokiona. Mimi ningemchagua Louis bila kusita: wanawake wawili wa mjini, vidole havijazoea mikanda ya vita, na msichana anayehema kwa hasira huku chuma cha bega kikikataa kukaa. Akapanda farasi, akagundua bendera imebaki juu. Louis akakimbia ghorofani akampitishia dirishani. Akaondoka mbio.

Ndani ya dakika kumi za nyumba ya kawaida umepata hasira yake, udogo wa umri wake, dharau ya makapteni na bendera iliyosahauliwa, wala hakuna aliyekufa bado. Saint-Loup ikatekwa alasiri ileile.

Mei 7 ilikuwa siku ya Les Tourelles. Jeanne alisema alikuwa wa kwanza kuweka ngazi kwenye boma, na alipokuwa akiisimamisha mshale ukamwingia kati ya shingo na bega. Dunois, aliyeuamuru ulinzi wa mji, alikadiria kina cha nusu futi. Filamu zinajua kuchomeka mshale. Chini ya nguo hufungwa kibati chenye tundu la skrubu, mti wa mshale unakazwa humo, mwigizaji anageuka haraka mbele ya kamera, imekwisha. Zisichojua ni dakika zinazofuata. Alilia. Askari wengine wakataka kumfanyia uganga wa maneno kufunga jeraha, akakataa, akasema heri afe kuliko kufanya jambo analolijua kuwa dhambi. Wakampaka mafuta ya zeituni na mafuta ya nguruwe. Kisha akaungama kwa kasisi wake Jean Pasquerel, machozi yakimtoka. Filamu huyaruka haya kwa sababu zinadhani machozi yanapunguza ushujaa, zinamfanya auchomoe mshale kwa meno yamekazwa na kurudi anazungusha upanga. Mwenye tundu la nusu futi begani hazungushi kitu.

Jioni ikaingia na boma bado halijatekwa. Dunois alitaka kurudi mjini. Jeanne akamwomba asubiri kidogo, akaenda peke yake kwenye shamba la mizabibu akasali kwa muda mfupi, chini ya robo saa. Yaliyofuata tunayajua kutoka kwa d'Aulon, nayo yananifanya niamini kwamba hakuna mwandishi wa muswada anayeweza kuyashinda yaliyotokea kweli. Aliyekuwa ameshika bendera alikuwa amechoka, akaikabidhi kwa mpiganaji mmoja Mbasque. D'Aulon akamwambia Mbasque yule amfuate hadi chini ya boma. D'Aulon mwenyewe akashuka handakini, ngao juu dhidi ya mawe. Jeanne aliporudi akaiona bendera yake mikononi mwa mtu asiyemjua, ikielekea shimoni. Akaudaka mwisho wa kitambaa, akapiga kelele: bendera yangu, bendera yangu! Akawa anavuta, Mbasque naye anavuta, kitambaa kinatikisika. Walio mbali wakadhani ni ishara. D'Aulon akamkumbusha Mbasque ahadi yake, naye akainyakua akashuka nayo. Jeshi zima likakusanyika na kupanda boma kwa kishindo.

Ni ugomvi wa kitambaa ulioanzisha shambulio la mwisho. Kitambaa cheupe chenye maua ya yungiyungi, maneno Jhesus Maria, pindo za hariri. Mwongozaji anayempa Jeanne upanga saa hiyo ameitupa kamari aliyokwisha kuishinda. Upande wa pili, watu wa mjini waliunganisha ubao juu ya pengo la daraja wakaingia kutoka kaskazini, na jahazi lililojaa vitu vya moto likachoma daraja la mbao chini ya Waingereza. Kamanda wao William Glasdale akatumbukia Loire na deraya yake, akazama. Mei 8 Waingereza wakaondoka.

Jacques Rivette aliitengeneza filamu yake ya sehemu mbili mwaka 1994, Sandrine Bonnaire akiwa Jeanne, kwa fedha kidogo na wapiganaji wachache hata unaweza kuwahesabu. Mashahidi wanaongea na kamera kana kwamba wako mbele ya mahakama ya 1456 iliyoipitia upya kesi yake. Watazamaji waliozoea majeshi ya kompyuta huchoka, na saa tano na zaidi si mchezo. Lakini ngazi zinaonekana nzito, watu wanasubiri, wanabishana, wanapigwa na baridi. Nampendekeza yeye kwanza, wengine baadaye.

Mapigano ya Patay, Juni 18, nitayapita haraka kwa sababu Jeanne hakuwa mstari wa mbele. Waliopiga ni kikosi cha mbele cha kapteni La Hire na wenzake, waliowavamia wapiga mishale wa Kiingereza kabla hawajamaliza kuchimbia vigingi vyao. Kilichobaki kwake ni dakika moja tu. Mfungwa Mwingereza alipigwa kichwani akaachwa afe, Jeanne akashuka kwenye farasi, akashika kichwa chake mpaka akaungama. Louis de Coutes ndiye aliyesimulia.

Upanga je? Ule wa Fierbois ulitengenezewa ala za kifahari, mojawapo ya mahameli nyekundu. Yeye akaagiza nyingine ya ngozi ngumu. Mtemi wa Alençon alishuhudia ukivunjika Saint-Denis, na haukuvunjikia kwa adui. Alikuwa akimfukuza nao mwanamke aliyefuatana na askari kambini. Huo mwingine aliokuwa nao Compiègne, mji alikokamatwa, aliusifu mahakamani kwamba ulikuwa mzuri kwa kupigia makofi. Mzaha wake huo, mbele ya majaji, ni wa kuwekwa kwenye filamu yoyote.

Compiègne, Mei 23, 1430, ni somo kwa wabunifu wa mavazi. Juu ya deraya alivaa joho la kitambaa cha dhahabu. Wabunifu huliondoa ili chuma kionekane. Mpiga mishale mmoja wa upande wa Burgundy alimdaka kwa joho hilohilo akamvuta kutoka kwenye farasi hadi chini. Ukiliondoa joho huna namna ya kueleza alivyokamatwa, na ndipo filamu zinapomzungushia watu 20 wa kumwangusha. Akauzwa kwa Waingereza livre 10,000.

Na zile kamba 20. Gerezani Rouen alilindwa na askari wa kiume usiku na mchana. Guillaume Manchon, karani wa kesi, alieleza baadaye kwamba Jeanne aliendelea kuvaa mavazi ya kiume, suruali imefungwa kwa nguvu kwenye fulana, kwa kuwaogopa walinzi wasimnajisi. Mei 24, 1431 alikubali kuvaa gauni. Siku chache tu baadaye alikutwa amerudia suruali, na kwa majaji, waliomshtaki pia kwa mavazi hayo, hiyo ilikuwa ushahidi wa kurudia kosa. Mei 30 alichomwa moto kwenye uwanja wa Vieux-Marché. Mwongozaji aliyetuonesha mapema, kule Tours au Orléans, vidole vikifunga kamba moja baada ya nyingine, hahitaji mhusika yeyote kutueleza chochote katika chumba kile. Anatuonesha mikono yake gizani, ikianza tena kuzifunga, ya kwanza, ya pili, ya tatu.